Mkataba wa uvuvi wa Greenland: usisome fedha kabla ya kusoma soko

Kila baada ya miaka michache wajumbe kutoka Nuuk, mji mkuu wa Greenland, hukaa meza moja na wajumbe wa Umoja wa Ulaya kuzungumzia samaki. Wakimaliza, taarifa inayotolewa kwa waandishi wa habari haibadiliki sana: Umoja utalipa kiasi fulani kwa mwaka, na meli zake zitavua tani kadhaa za chewa, kamba wa maji baridi, halibati na samaki wekundu wa kilindini. Itifaki inayotumika sasa, iliyoanza 2025, inaipatia Greenland takriban euro milioni 17 kwa mwaka. Ile iliyotangulia ilikuwa ya milioni 16.5. Wachambuzi huchukua takwimu hizo, wakagawa fedha kwa tani, kisha wakatoa hukumu: Greenland imepunjwa, au Greenland imefaidi.

Mimi naona hesabu hiyo imeanzia ukurasa usio wake. Fedha ya kuingia baharini ni kipande kidogo cha biashara hii. Anayetaka kuielewa aanze na kifungu kifupi kilichoandikwa 1984, Greenland ilipokuwa inajitoa kwenye Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, iliyokuja kuwa Umoja wa Ulaya. Kinasema, kwa maneno ya kawaida, kwamba samaki wa Greenland wataingia soko la Ulaya bila ushuru iwapo nafasi ya kuvua ambayo Ulaya imepewa katika maji ya Greenland itakuwa ya kuiridhisha Ulaya yenyewe.

Kifungu hicho kinastahili kusomwa mara mbili. Hakitaji idadi ya tani wala bei. Kipimo ni kuridhika, na anayepima ni mnunuzi. Mambo yote yaliyofuata kwa miaka 40, itifaki juu ya itifaki, yamejengwa juu ya sharti hilo.

Historia yake inaanzia kwenye kura. Oktoba 1972 Denmark ilipiga kura ya maoni kuamua kujiunga na Jumuiya hiyo. Wadenmark wengi walikubali. Greenland ilikataa kwa takriban asilimia 70, lakini kura zake zilikuwa chache mno kubadilisha matokeo, na tangu 1953 ilikuwa inahesabiwa kama mkoa mmojawapo wa Denmark. Ikaingizwa Januari 1973 bila kupenda. Visiwa vya Faroe, ambavyo navyo viko chini ya ufalme uleule, vilikuwa na mamlaka yao ya ndani tangu 1948, kwa hiyo viliweza kusema hapana na vikabaki nje. Ufalme ulikuwa mmoja na bahari ni ileile ya kaskazini, ila visiwa vidogo vilikuwa na sheria ya kuwalinda na kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani hakikuwa nayo. Watu wa Greenland hawakulisahau jambo hilo.

Ukanda wa uvuvi uliposogezwa hadi maili 200 mwaka 1977, uamuzi wa nani avue nini ndani ya ukanda huo ulikuwa umeshahamia Brussels. Meli kubwa za Ujerumani Magharibi zenye nyavu za kukokota zilikuwa zikivua chewa huko, wakati wavuvi wa pwani wa Greenland wakitumia boti ndogo. Ilipopata mamlaka ya ndani Mei 1979, Greenland iliitisha kura yake yenyewe Februari 1982, na takriban asilimia 53 wakataka kutoka. Tarehe 1 Februari 1985 ikatoka rasmi, miaka 35 kabla ya Uingereza. Watu 53,000 waliamua kuiacha jumuiya ya mataifa makubwa kwa sababu ya samaki zaidi ya jambo lingine lolote.

Lakini kutoka kulikuwa na bei. Uchumi wa Greenland ulitegemea samaki, na samaki hao waliliwa Ulaya. Ndipo kikaandikwa kifungu nilichokitaja, pamoja na mkataba wa kwanza wa uvuvi uliotoa vizio vya fedha vya Ulaya (hesabu iliyotumika kabla ya euro) milioni 26.5 kwa mwaka kwa miaka mitano. Ukigawa kwa idadi ya watu, ni kama vizio 500 kwa kila mtu, mtoto na mzee. Kwa eneo changa lililokuwa linaanza kujiendesha zilikuwa fedha nyingi. Hata hivyo bado zilikuwa ndogo kuliko thamani ya mlango wa soko uliobaki wazi.

Thamani hiyo inaweza kukadiriwa. Kamba wa maji baridi ambao hawana mapatano yoyote ya kibiashara hutozwa Ulaya ushuru wa asilimia 12 wakiwa wabichi waliogandishwa, na asilimia 20 wakishapikwa na kumenywa. Tofauti ya asilimia 8 hapo katikati ndiyo kazi ya viwanda. Katika miji kama Ilulissat na Sisimiut kamba hushushwa kutoka kwenye meli, huchemshwa, humenywa kwa mashine, hugandishwa tena na kupakiwa kwenye mifuko. Watu wa mji wanaishi kwa kazi hiyo. Ushuru wa asilimia 20 ukirudishwa, shehena ya euro milioni 1 inaingia sokoni ikiwa na mzigo wa euro 200,000, na mnunuzi atatafuta kamba kwingine au atataka wale wasiomenywa ili akawamenye kwake. Sasa chukua zile euro milioni 17 za mwaka. Ni sawa na ushuru huo kwa kamba wa thamani ya euro milioni 85 tu. Zaidi ya asilimia 90 ya bidhaa ambazo Greenland inauza nje ni samaki na mazao ya bahari, na sehemu kubwa hupitia Denmark kuingia Ulaya. Nani hapo anamlipa mwenzake?

Hatuhitaji kukisia hali ingekuwaje soko likifungwa, maana limeshafungwa upande mmoja. Kabla ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Uingereza ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kamba waliopikwa wa Greenland, wale wanaowekwa kwenye mikate na saladi. Ilipotoka kwenye soko la pamoja mwishoni mwa 2020, hapakuwa na mapatano kati ya London na Nuuk. Kuanzia Januari 2021 kamba haohao, wa meli zilezile na kiwanda kilekile, wakaanza kutozwa ushuru wa hadi asilimia 20. Nazo meli za Uingereza zikapoteza nafasi ya kuvua katika maji ya Greenland. Mazungumzo ya kuleta mapatano mapya yalizinduliwa Januari 2022, yakasimama, yakaanza tena 2025. Uingereza inataka nafasi ya kuvua, Greenland inataka soko. Ni biashara ileile ya 1985, na bado hakuna aliyegundua namna nyingine ya kuifanya.

Wasomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria hawahitaji kufundishwa nguvu ya soko. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia sangara mara tatu: kwanza kwa hofu ya vijidudu, kisha kipindupindu, kisha sumu iliyodaiwa kutumika kuvulia. Mwanza, Kisumu na Jinja viwanda vilipunguza kazi au vikafunga, na bei mwaloni ikaporomoka huku ziwa likiwa na samaki walewale. Hakuna meli ya Ulaya iliyowahi kuvua Ziwa Victoria. Ulaya haikuhitaji meli.

Narudi kaskazini, kwenye sehemu ya mkataba inayonisumbua zaidi. Ni samaki walioandikwa mkatabani bila kuwapo baharini; wataalamu waliwaita samaki wa karatasi. Pwani ya magharibi ya Greenland ilikuwa na chewa wengi ajabu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zaidi ya tani 400,000 zilivuliwa kwa mwaka, nyingi zikichukuliwa na meli za mataifa ya kigeni. Baada ya hapo maji yakapoa, uvuvi haukupunguzwa kwa wakati, na chewa wakaporomoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wametoweka kabisa kwa maana ya biashara. Lakini itifaki ziliendelea kutaja chewa, na Ulaya iliendelea kulipa. Kati ya 2001 na 2006 malipo yalikuwa euro milioni 42.8 kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kununua samaki ambao hakuna wavu ungeweza kuwapata.

Kwa nini mnunuzi alipie bidhaa isiyokuwapo? Kwa sababu hakuwa ananunua chewa peke yake. Alikuwa analipia nafasi yake isipotee siku chewa wakirudi, na uhusiano na eneo kubwa la Aktiki lililo karibu na Amerika Kaskazini. Alikuwa pia anapata kitu cha kubadilishana. Jambo hili watu wengi hawalijui: sehemu ya migawo, yaani viwango vya samaki vya kuvua, ambayo Umoja wa Ulaya unapata Greenland haivuliwi na meli za Ulaya. Hupelekwa Norwei katika mapatano mengine, na Norwei hutoa migawo yake ya chewa kwa meli za Ulaya. Samaki wa Greenland anageuka kuwa sarafu kwenye mazungumzo ambayo Greenland haimo.

Malalamiko yalipozidi ndani ya Ulaya kwamba fedha za samaki zinalipia visivyokuwapo, mwaka 2006 mambo yakatenganishwa. Kuanzia 2007 mkataba wa uvuvi ulibaki na takriban euro milioni 15.8 kwa mwaka, na milioni 25 zikapelekwa kwenye ubia wa maendeleo, hasa elimu. Zijumlishe uone: ni karibu fedha zilezile, zimeandikwa majina mawili. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: utengano huo ulikuwa wa kweli zaidi kuliko uongo uliotangulia, na fedha za elimu zimefanya kazi inayoonekana. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 Umoja umetenga euro milioni 225 kwa Greenland, na elimu ndiyo imepewa uzito. Eneo lenye watu wasiofika 60,000, waliotawanyika kwenye miji na vijiji ambavyo havina hata barabara moja inayoviunganisha, linahitaji sana vyuo vya ufundi na walimu. Sitaki kuidharau misaada hiyo.

Ila hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapopotea. Mtu akisema Ulaya inalipa kidogo kwa samaki, anajibiwa angalia elimu. Akisema elimu ni msaada tu na unaweza kukatwa, anajibiwa angalia soko. Akiuliza soko limefungamanishwa na nini, anarudishwa kwenye samaki. Fungu moja la haki limegawanywa kwenye hati tatu au nne, kila moja ikiwa na muda wake wa kwisha na watu wake wa kuijadili. Upande wenye ofisi nyingi na wanasheria wengi ndio unaoziona hati zote kwa pamoja.

Baharini kwenyewe tofauti hii inaonekana kwa macho. Majira ya baridi huko Ilulissat na Uummannaq, mvuvi wa halibati hutoboa tundu kwenye barafu iliyofunika ghuba. Huteremsha kamba ndefu yenye ndoana, na mwishoni mwake hufunga bamba la chuma ambalo mkondo hulisukuma pembeni chini ya barafu, ili kamba itandazike mamia ya mita kilindini badala ya kujirundika. Husubiri masaa, akaivuta, akapakia samaki kwenye sleji ya mbwa mpaka kiwandani. Meli ya Ulaya yenye leseni, upande wa mashariki au kusini-magharibi mwa kisiwa, ni kiwanda kinachoelea: inavua kwa wavu wa kukokota, inakata, inagandisha, inapakia kwenye maboksi na kwenda kushusha Ulaya. Wawili hawa mara nyingi hawavui mahali pamoja, na Ulaya inapata sehemu ndogo tu ya samaki wote wanaovuliwa Greenland. Kwa hiyo si kweli kwamba meli za kigeni zinamwibia mvuvi wa sleji samaki wake wa leo. Anachopoteza ni kazi ya nchi kavu. Tani iliyochakatwa ndani ya meli haimpi kazi mtu yeyote Ilulissat.

Greenland inalijua hilo, na kwa meli zake zenyewe za kamba wa mbali imeweka sharti la kushusha sehemu ya mavuno kwenye viwanda vya ndani. Kampuni yake kubwa, Royal Greenland, ni mali ya serikali. Nguvu ya namna hiyo ilitoka kwenye kujitawala. Sheria ya Juni 2009 iliwatambua watu wa Greenland kuwa taifa lenye haki ya kuamua hatima yake, na ikaacha mambo ya nje na ulinzi mikononi mwa Denmark. Lakini iliiruhusu serikali ya Nuuk kujadiliana na kufunga mikataba katika mambo iliyoyachukua, na uvuvi ni mmojawapo. Mkataba wa 2021 umeandikwa kuwa kati ya Umoja wa Ulaya upande mmoja, na Serikali ya Greenland pamoja na Serikali ya Denmark upande wa pili. Denmark imo pande zote mbili za meza: ni mwanachama wa Umoja unaonunua, na ni ufalme wa anayeuza.

Visiwa vya Faroe vimeonyesha jinsi hali hiyo inavyoweza kuwa ngumu. Mwaka 2013 Faroe ilijitangazia sehemu ya asilimia 17 ya heringi wa Atlantiki ya Kaskazini, kutoka asilimia 5 iliyokuwa nayo awali, ikidai samaki wamehamia kwenye maji yake kwa wingi. Agosti mwaka huo Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku heringi na vibua kutoka Faroe kuingia sokoni kwake, na kuzifungia bandari baadhi ya meli zake. Faroe ikapeleka shauri Shirika la Biashara Duniani, lakini haina kiti chake pale, kwa hiyo aliyefungua shauri ni Denmark, kwa niaba ya Faroe, dhidi ya Umoja ambao Denmark yenyewe ni mwanachama. Juni 2014 pande zikapatana, Faroe ikapunguza heringi iliyojipangia, na Agosti vikwazo vikaondolewa. Silaha iliyotumika dhidi yake ilikuwa ni mlango wa soko, uleule ambao Greenland imeuweka rehani tangu 1985.

Samaki wenyewe hawasomi mikataba. Mwaka 2011 vibua walivuliwa kibiashara mashariki mwa Greenland kwa mara ya kwanza, tani zisizofika 200. Mwaka 2014 walivuliwa zaidi ya tani 70,000. Bahari ilikuwa imepata joto na vibua wakaifuata. Baadaye wakapungua tena. Mkataba wa miaka kadhaa unaotaja aina za samaki na tani zake unaandikwa juu ya maji yanayobadilika kila msimu, na ndiyo maana naamini kigezo cha "kuridhika" ni hatari zaidi leo kuliko kilivyokuwa 1985. Samaki wakihama, nani ataamua kama nafasi iliyobaki inaridhisha? Kifungu hakijabadilika, na anayeamua ni yuleyule.

Wapo watakaosema Ulaya haitathubutu kufunga soko sasa. Nakubali kwamba mizani imeinama kidogo upande wa Nuuk. Donald Trump alizungumzia kuinunua Greenland mwaka 2019 na akarudi na dai hilo kwa ukali zaidi mwaka 2025. Umoja wa Ulaya ulisaini na Greenland ubia wa madini Novemba 2023, na Machi 2024 ukafungua ofisi Nuuk. Nani atamtoza ushuru wa kamba mtu anayebembelezwa na kila upande? Lakini upepo wa siasa hubadilika, na haki inayotegemea kubembelezwa haijawa haki bado. Wakati huu ambapo Greenland inatafutwa ndio wakati wa kukitenganisha kile kifungu: soko liwe na mkataba wake wa kudumu, usiokatika kwa kuridhika au kutoridhika kwa mwenye meli, na samaki wajadiliwe kwa bei ya samaki.

Kwa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, mfano ulio karibu ni Zanzibar, ingawa haufanani kila upande. Katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania uvuvi haumo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Mambo ya nje yamo. Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu mwishoni mwa 1992 na ikalazimika kujitoa Agosti 1993, na tangu hapo mpaka wa mamlaka yake nje ya nchi unajulikana. Kwa bahari kuu ilitafutwa njia ya kati: Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, iliyoundwa kwa sheria ya 1998, ikarekebishwa 2007 na kupata sheria mpya 2020. Inahudumia pande zote mbili za Muungano, na makao yake ni Fumba, Zanzibar. Ukanda wa uchumi wa bahari wa Tanzania una takriban kilomita za mraba 223,000.

Tanzania haina mkataba unaotekelezwa wa uvuvi na Umoja wa Ulaya. Shelisheli wanao, na itifaki yao ya 2020 hadi 2026 ilikuwa ya euro milioni 5.3 kwa mwaka, jodari wao wakishushwa Victoria, mji mkuu wao, palipo na kiwanda cha kusindika. Sisi meli za kigeni zimekuwa zikikata leseni moja kwa moja. Serikali ilipoweka tozo ya dola 0.4 kwa kila kilo ya samaki, meli zikasita kuja, na mwishowe tozo ikaondolewa. Wengi walichukulia kisa hicho kama ushahidi kwamba tulitoza kupita kiasi. Mimi nakisoma vingine. Jodari ni msafiri: mwenye meli akiona leseni ya kwetu ni ghali, anamsubiri mbele kidogo, kwenye maji ya jirani. Anayetoza peke yake anashindwa. Chewa na kamba wa Greenland hawaendi mbali kiasi hicho, kwa hiyo Nuuk inaweza kusimama peke yake mezani na Fumba haiwezi.

Tuna upande mmoja tunaoizidi Greenland, na sioni ukitajwa. Tanzania, kwa kuwa imo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, inaingiza samaki wake Ulaya bila ushuru tangu 2001, na haki hiyo haikufungwa na nafasi ya mtu kuvua kwetu. Kenya haimo kwenye kundi hilo, ndiyo maana ilisaini mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024. Siku Tanzania itakapopanda daraja na kutoka kwenye kundi hilo, itabidi ijadili soko upya. Hapo ndipo mjumbe wa upande wa pili anaweza kuleta hati mbili pamoja, ya soko na ya jodari, akiomba zisainiwe siku moja.

Tena kuna kanuni ya asili ya bidhaa, ambayo ni kavu kuisoma lakini ina uzito. Samaki aliyevuliwa nje ya maili 12 kutoka pwani huhesabiwa kuwa wa nchi ya meli iliyomvua. Jodari aliyevuliwa maili 100 mashariki mwa Pemba na meli ya Kihispania ni samaki wa Ulaya mbele ya forodha, hata kama leseni imekatwa Fumba. Soko huru tulilopewa halimgusi samaki huyo. Linamgusa wa meli yetu. Na meli zetu za bahari kuu ni chache.

Ndiyo maana bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 2023, inanipa matumaini kuliko mjadala wowote wa ada ya leseni. Na ndiyo maana nakumbuka Tawariq 1, meli iliyokamatwa Machi 2009 ikivua bila leseni, ambayo shehena yake wananchi waliipa jina la samaki wa Magufuli kwa kuwa yeye ndiye alikuwa waziri. Watu walifurahia kukamatwa kwake. Kesi iliishia mikononi mwa Mahakama ya Rufani mwaka 2014, hukumu ikafutwa kwa kasoro ya kisheria, na washtakiwa wakaachiwa. Kulinda bahari kunahitaji doria, na doria inahitaji waendesha mashtaka wanaojua sheria ya bahari. Mikataba ya Ulaya ina fungu la kusaidia mambo kama hayo. Katika itifaki ya Greenland ni karibu moja ya tano ya fedha zote za Umoja.

Iwapo siku moja hati ya Ulaya itafika Fumba, ningependa wanaoisoma waanze na maswali ya Nuuk. Soko letu limefungwa kwenye kifungu gani, na nani anapima kuridhika? Samaki wakihama, tani zilizoandikwa zinabaki au zinapungua? Migawo tukiitoa inaweza kupelekwa kwa mtu wa tatu bila sisi kuulizwa? Tani ngapi lazima zishushwe kwenye bandari zetu, Kilwa au Zanzibar, kabla meli haijaondoka? Na fedha zikija, upande gani wa Muungano unasaini risiti, na kwa sheria ipi? Maswali hayo yakishajibiwa kwa maandishi, ndipo iwekwe mezani karatasi yenye idadi ya euro.